Mama Mkwe Hajamaliza Kula

Nyumbani kwa Thoa, marehemu hula kwanza. Walio hai hukaa kwenye mikeka wakisikiliza matumbo yao yakinguruma, mpaka vijiti vya ubani viungue vyote na mwenye nyumba arushe sarafu kumwuliza marehemu kama ameshiba. Nimepanga chumba cha juu katika nyumba hiyo miaka mingi, na sasa siku ya karamu ya wafu nafanya kama wanavyofanya wajanja wa mtaani: nakula kitu kidogo asubuhi, kwa siri, kisha nashuka na uso wa njaa.

Siku ninayoisimulia ilikuwa kumbukumbu ya Bibi Cam, mama mkwe wa Thoa. Mji wa Hue ulikuwa katika mvua yake, ile isiyonyesha ikaisha, inayokaa tu kama mgeni aliyeaga tangu mchana na bado anatafuta viatu. Tangu alfajiri Thoa alikuwa jikoni amejifunga kitambaa kichwani, na hakuwa anaimba. Thoa asipoimba, hata paka wa jirani hubaki ukutani.

Thoa ni mtu wa kusini, wa Sa Dec, kule mto Mekong unakogawanyika matawi na kila nyumba ina mitumbwi, minazi na kelele. Kwao walilima maua ya mwaka mpya. Luan, mtoto wa kwanza wa Bibi Cam, alifika huko na lori kununua maua ya kupeleka Hue, lori likamgomea, na wakati akisubiri kipuri akawa anakula kwao. Kipuri kilipofika, dereva alikuwa hataki kuondoka. Akaondoka na maua, na baada ya sherehe mbili za harusi, moja ya kusini yenye muziki na moja ya Hue yenye heshima, akaondoka na Thoa.

Sasa, watu wa kusini na watu wa Hue wanakula mchele mmoja, lakini waliosema mchele mmoja mapishi mbalimbali ni kama waliwahi kukaa katika jiko hili. Kusini chakula kinatiwa sukari na maji ya madafu bila kuona haya. Hue chakula ni chumvi, pilipili na uduvi uliochachushwa, tena kinapakuliwa kidogo kidogo katika visahani vingi, maana mji huu ulikuwa na wafalme na bado unakula kana kwamba mfalme anaweza kupita wakati wowote. Siku ya kwanza bibi harusi alipopika, alitia sukari kwenye supu ya samaki. Bibi Cam alionja, akaweka vijiti vyake chini taratibu.

"Mwanangu, hii ni supu, au ni uji wa kumwachishia mtoto ziwa?"

Kisha akaimaliza. Akaomba bakuli la pili, akalalamika. Akaomba la tatu, akalalamika zaidi. Mwisho akajifuta mdomo na kusema neno ambalo Thoa alilisikia kila siku tangu hapo: "Linalika."

Miaka ikapita hivyo. Thoa alijifunza kutwanga uduvi, kuchemsha mifupa na mchaichai, kukata tini mbichi nyembamba kama kucha. Asubuhi alifungua kibanda cha tambi za mchele mdomoni mwa kichochoro, chini ya turubai, na watu wa Hue wakaja, wakatoa jasho kwa pilipili, wakasema, "Kwa mtu wa kusini, si haba." Mama mkwe wake alikaa kwenye kigoda karibu na sufuria kama jaji. Akiona mkono wa Thoa unaelekea kopo la sukari, alikohoa. Wateja walikuja kwa ajili ya tambi na wakabaki kwa ajili ya ugomvi.

"Mama, kijiko kimoja tu, kulainisha."

"Lainisha maneno yako kwanza."

"Mama anakula tambi hizi kila siku!"

"Nafanya ukaguzi."

Bibi Cam alipofariki, wakati wa matanga wifi yake Thoa, yaani Hoai, dada yake Luan, ndiye aliyeshika upawa. Hoai anakaa ng'ambo ya mto, ana mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kwa mila, matanga yakiisha, karamu ya kumkumbuka mama hupikwa na mke wa mtoto wa kwanza. Hakuna wa kubisha hilo. Lakini Hoai alibisha.

"Mila ni mila," alisema juma moja kabla, amekaa kwenye kigoda kile kile cha mama yake, "lakini mila haikujua kama kaka yangu ataoa shamba la miwa. Wifi, nisikilize. Pika. Sikukatazi. Ila Mama mwenyewe ndiye atakayesema. Kaka akirusha sarafu mara tatu na Mama akakataa mara tatu, basi kuanzia mwakani napika mimi. Hapa hapa, jikoni kwako. Wewe utachambua majani."

"Na akikubali?"

"Akikubali nitanyamaza."

"Hilo likitokea tutafanya karamu nyingine," alisema Luan, na dada yake akampiga kwa kofia.

Mjomba Trieu, mdogo wake marehemu, alikuwepo akinywa chai, na mjomba akiwa shahidi jambo limekwisha kufungwa. Thoa alicheka mbele yao. Jioni nilimkuta ameshika upawa ule wa Bibi Cam, wa kifuu, mpini wake umeng'aa kwa mikono ya watu, akiusugua ingawa ulikuwa safi.

"Nikichambua majani katika jiko langu mwenyewe," aliniambia, "bora nirudi Sa Dec nikamwagilie maua."

Alikuwa hatanii.

Basi siku ikafika. Ndugu wakajaa mikeka yote, viatu vikajaa mlangoni, makoti ya mvua yakaning'inia kila msumari. Juu ya meza ya wahenga, mbele ya picha ya Bibi Cam aliyetazama kana kwamba mpiga picha naye alikuwa na kasoro, Thoa alipanga chakula. Na kilikuwa chakula! Vikate vidogo vya unga wa mchele vilivyopikwa kwa mvuke, kila kimoja ndani ya kisahani chake, juu yake unga wa kamba waliokaushwa. Kachumbari ya tini mbichi na ufuta. Supu ya chipukizi za mianzi. Samaki wa mtoni aliyekaushiwa mchuzi kwa pilipili manga mpaka akawa mweusi. Tambi za mifupa zenye mafuta mekundu yanayoelea. Katika vyote hivyo hapakuwa na punje moja ya sukari. Kopo lenyewe alilifungia kabatini na ufunguo akampa Luan.

Hoai alipita mbele ya meza na mikono nyuma. Hairuhusiwi kuonja kabla ya marehemu, kwa hiyo alinusa. Alinusa sahani ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi tena kutoka mwisho mpaka ya kwanza. Niliona uso wake ukitafuta kitu na kutokipata.

"Haya," alisema. "Tuone."

Ubani uliungua. Luan akavaa joho lake la buluu, akapiga magoti, akachukua sarafu mbili za kale zenye tundu la mraba katikati, ambazo upande mmoja umepakwa rangi nyekundu. Moja ikilala nyekundu na nyingine tupu, marehemu amekubali, ameshiba, watu wale. Zote zikiwa nyekundu, anacheka. Zote zikiwa tupu, hataki.

"Mama," alisema Luan, "mkweo amekupikia. Kama umeshiba na umeridhika, tupe ruhusa."

Sarafu zikalia kwenye sinia. Tupu na tupu.

Mjomba Trieu akasema, "Bado anatafuna. Dada yangu hakuwa mtu wa haraka." Wakawasha ubani mwingine. Mvua ikaendelea. Mzee mmoja kwenye mkeka wa nyuma akauliza kwa sauti kama marehemu anajua kwamba yeye ana vidonda vya tumbo.

Ubani ukaisha. Luan akarusha tena. Tupu na tupu.

Sasa hakuna aliyetania. Hoai hakufurahi kama nilivyodhani angefurahi; alimtazama mama yake pichani, kisha akatazama meza, kama mtu aliyefika kituoni na kukuta treni ipo lakini haina watu.

"Wifi," alisema, kwa sauti ya chini kidogo, "umeweka sukari wapi?"

"Popote. Onyesha."

"Kwenye samaki."

"Nusa."

"Nimenusa."

"Basi?"

"Basi hamna," alisema Hoai kwa hasira, kana kwamba ameibiwa.

"Imebaki mara moja," alisema Mjomba Trieu. "Thoa, mwanangu, kuna kitu umesahau? Chumvi? Chai? Alipenda chai yake iwe chungu."

"Chai ipo."

"Meno yake?" akasema yule mzee wa nyuma. "Mlimzika na meno yake?"

Luan alikuwa bado amepiga magoti, sarafu mkononi, akimtazama mke wake. Thoa alisimama kando ya meza, macho kwenye vile visahani vilivyopangika kama askari, na nikamwona akisogeza midomo kama mtu anayekumbuka wimbo. Baadaye aliniambia kilichompitia. Alikumbuka hospitali. Siku za mwisho, wauguzi walikuwa wakimletea Bibi Cam uji wa mchele na nyama ya kusaga, uji mzuri tu, chumvi yake sawa. Bibi Cam alikula nusu, akasukuma bakuli, akalala. Hakusema ni mzito wala mwepesi. Hakumwuliza yeyote kama aliyeupika alikuwa na kinyongo na wagonjwa. Thoa aliposhika lile bakuli la nusu alitoka nje ya wodi akalia ukutani, kwa sababu hapo ndipo alipojua kwamba mama mkwe wake anaondoka.

"Mjomba," alisema, "umewahi kumwona Mama akila bila kulalamika?"

Mjomba Trieu akafikiri. Akafikiri sana. "Hapana. Hata utotoni. Mama yetu alimpa embe, akasema kokwa ni kubwa."

"Mimi nimemwona. Hospitali tu." Thoa akafungua kitambaa kichwani akakifunga upya. "Leo nimempikia chakula kisicho na la kusema. Atakulaje?"

Akaingia jikoni. Tukasikia kifuniko, Luan akaita kutoka mbele ya meza, "Thoa, usi—" na halafu tukasikia harufu, maana ilitangulia: nyama ya nguruwe yenye mafuta, iliyochemshwa alfajiri katika maji ya madafu na sukari iliyounguzwa, pamoja na mayai mazima yaliyogeuka rangi ya udongo. Chakula cha kwao. Alikuwa amejipikia yeye na wanawake wa kuosha vyombo, akaficha sufuria chini ya kapu ili ndugu wa mume wasiione. Hakukipika kwa sukari ya kopo. Sukari ile ilikuwa ya miwa, ya kipande, iliyotumwa na dada yake kutoka Sa Dec, na hiyo hakumpa mtu ufunguo wake.

Alipotoka na bakuli mikononi na upawa kwapani, mikeka yote ikamgeukia. Kila mtu aliyekuwemo alijua maana yake. Katika nyumba ya Hue, siku ya mama wa Hue, huyu mwanamke anaweka mezani sukari ya kusini, tena kwa mkono wake mwenyewe, na imebaki mara ya mwisho.

"Wifi," alisema Hoai, "unajikaanga."

"Kwa mafuta yangu mwenyewe."

Akasogeza samaki, akaweka bakuli katikati kabisa, mbele ya picha. Akachukua kijiti cha ubani mwenyewe, akakiwasha, akakiinua hadi kwenye paji la uso.

"Mama," alisema, kwa sauti ile ya kibandani, ile ya asubuhi wateja wakiwa wengi, "hii hapa. Ni tamu, ina mafuta, na mayai nimeyapika kupita kiasi. Nyama nimekata vipande vikubwa kama matofali, kama tunavyokata sisi washamba. Sema sasa. Kagua."

Kuna mtu alianza kucheka akajizuia. Tukasubiri kijiti kiungue. Sijawahi kuona kijiti kinachoungua polepole namna ile. Mvua iligonga turubai, tumbo la Mjomba Trieu likaijibu. Hoai alikuwa amekaa wima karibu na meza, na pua yake ilikuwa ikifanya kazi bila idhini yake.

Luan akarusha.

Sarafu moja ikalala nyekundu mara moja. Ya pili ikasimama kwa ukingo, ikazunguka kwenye sinia kwa mlio mwembamba, ikazunguka, mpaka Mjomba Trieu akaanza kuinuka kutoka kwenye mkeka. Ikalala. Nyekundu.

"Anacheka!" akapiga kelele yule mzee wa nyuma. "Anatucheka!"

Nyumba ikalipuka. Watu waliongea wote pamoja. Hoai akainua mkono.

"Kucheka si kukubali! Tulisema mara tatu. Hii ni ya tatu!"

"Tulisema akikataa mara tatu," alisema Luan. "Amekataa mara mbili, amecheka mara moja."

"Ni kitu kimoja!"

"Mjomba!"

Macho yote yakamgeukia Mjomba Trieu, ambaye alikuwa shahidi, ndugu wa damu wa marehemu, na mtu mwenye njaa kuliko wote. Akasafisha koo.

"Mimi nimekula na dada yangu tangu sina meno," alisema. "Alikuwa akikutana na chakula cha kumchekesha, anacheka kwanza, halafu anasema neno baya, halafu anakula. Mpeni nafasi ya kusema neno baya. Kicheko hakihesabiwi. Rusha tena, Luan."

Hoai alifungua mdomo. Lakini huwezi kubishana na mjomba mbele ya picha ya mama yako, na yeye amelelewa vizuri hata kama haonyeshi. Akafunga mdomo.

Luan akarusha. Moja nyekundu, moja tupu.

Thoa alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye sakafu, upawa mapajani. Hakupiga kelele. Kelele tulipiga sisi, na mzee wa vidonda vya tumbo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye mkeka wa chakula.

Basi tukala. Vile visahani vya Hue vikaisha, samaki mweusi akaisha, tini zikasifiwa, na Thoa akapita kati ya mikeka akijaza bakuli za watu waliosema wameshiba, maana huku mtu akisema ameshiba hujazwa. Lile bakuli la kusini aliliteremsha kutoka meza ya wahenga akaliweka katikati ya mkeka wa wanawake, na kwa muda hakuna aliyeligusa. Walikuwa wanamsubiri Hoai.

Hoai alichukua yai moja kwa vijiti. Akaligeuza. Akalipasua, akachovya wali kwenye mchuzi, akala. Nilimwona akitafuna na macho yakiwa kwenye picha ya mama yake.

"Sukari," alisema.

Thoa akasogea na upawa.

"Sukari, halafu mafuta, halafu sukari tena. Hii nyama mtu anaikata kwa shoka? Mama angeiona hii angekufa mara ya pili." Akanyoosha bakuli lake tupu bila kumtazama mtu. "Ongeza mchuzi kidogo. Sio hapo. Hapo kwenye mafuta."

Thoa akaongeza. Hoai akala bakuli la pili, akalalamika kuhusu mayai. La tatu alilichukua mwenyewe.

Mchana ukapita, mvua ikapungua bila kukoma, ndugu wakaanza kutafuta viatu vyao. Mlangoni Thoa alikuwa akigawa vifurushi vya kwenda navyo, maana mgeni wa karamu haondoki mikono mitupu, na wengine huja kwa ajili ya kifurushi. Hoai alikuwa wa mwisho, amevaa koti la mvua la kijani, kofia mkononi.

"Changu usiweke samaki," alisema. "Samaki wa Mama najua kumpika. Niwekee ile yako."

"Ile ya washamba?"

"Mume wangu ana meno mabovu, anapenda vitu laini. Si yangu."

"Sawa, wifi."

Thoa akafunga jani la mgomba, akakaza uzi. Hoai akachukua kifurushi, akakipima kwa mkono, akakinusa kupitia jani, na akasimama pale kizingitini mvua ikimdondokea mabegani, kama mtu aliyesahau kitu ndani.

"Mwakani nitakuja mapema," alisema. "Alfajiri."

Uso wa Thoa ukakazika. "Kufanya nini?"

"Kuchambua majani. Leo kwenye mnanaa uliacha mabua. Nimeyatafuna mpaka taya linauma." Akavaa kofia. "Chakula kingine kinalika."

Akateremka kichochoroni akiruka madimbwi. Thoa alimtazama mpaka kofia ikapotea kwenye kona, kisha akarudi jikoni, akamdai Luan ufunguo wa kabati, na kabla hajaanza kuosha sufuria alikuwa anaimba.